Nyuki wa Mwitu wa Kimamba Wakati wa Kipupwe

Mtu akitamka neno "nyuki" mbele ya watoto wa shule, wote humfikiri mdudu mmoja tu: yule wa mzingani, mwenye asali na mwiba, awezaye kumkimbiza hata mzee mwenye mkongojo. Wala si ajabu. Huyo ndiye atupaye asali, ndiye aliyetoa nta iliyouzwa ng'ambo tangu zamani za Wadachi, na maumivu yake hayasahauliki upesi. Lakini wataalamu wamekwisha kuandika aina za nyuki zaidi ya 20,000 katika dunia yote, na katika Afrika iliyo kusini ya jangwa la Sahara peke yake zaidi ya 2,500. Katika wingi huo wote, nyuki wa mzingani tumjuaye ni aina moja tu. Waliobaki hatuwajui hata kwa majina, ingawa wengine hukaa katika boriti za nyumba zetu, wengine katika nyufa za kuta, na wengine chini ya njia tupitayo kila siku kwenda kisimani.

Wapenzi wasomaji, mwezi huu twataka kuwaeleza, hasa ninyi waalimu na wazazi, habari za nyuki hao wa mwitu, na jinsi mtu asiye mtaalamu, mwenye macho na daftari tu, awezavyo kuwatazama na kuwatambua. Tumechagua nchi ya Kimamba, kwa sababu huko wamejengewa nyumba za namna ya peke yake. Tena tumechagua majira ya kipupwe, yaani Juni hata Agosti, kwa sababu ndipo nyuki hao walipo karibu na mkono wetu, na ndipo pia walipo karibu na moto.

Kimamba iko katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, kando ya ile reli ya kati iliyotoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914. Upande mmoja kuna mbuga ya Mkata iliyo tambarare, na upande wa pili, nyuma ya Kilosa, huonekana milima ya Ukaguru na Rubeho. Jina la mji huu lilienea kwa ajili ya mkonge. Mmea huo si wa asili ya nchi yetu. Uliletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Amerika, na katika hiyo ni 62 tu iliyofika hali i hai. Ndivyo mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro yalivyoanza. Watu wa makabila mengi walikuja kufanya kazi ya mkonge, wakakaa, wakazaa. Baadaye baadhi ya mashamba hayo wilayani Kilosa yaliachwa, yakawa pori; lakini mkonge haufi upesi, na mpaka leo huonekana mipakani mwa mashamba na kando ya njia.

Mkonge hukaa miaka mingi ukitoa majani tu. Kisha, siku zake zikitimia, hupandisha mlingoti mmoja, mrefu kupita paa la nyumba, hutoa maua, huzaa vichipukizi, na kufa. Mlingoti huo ukikauka, ganda lake huwa gumu, na ndani huwa mwepesi kama kizibo cha chupa. Watu huukata kwa kujengea ua au kuezekea banda, lakini hapana seremala atakayeusifu kwa kufanyia meza. Yuko seremala mmoja tu aupendaye kuliko mninga na mvule, naye ni nyuki.

Huyo ni yule nyuki mkubwa, mweusi, mwenye sauti nzito, ambaye wengine humwita bunzi, na wataalamu huwaita jamaa zake wote Xylocopa, maana yake wakata-miti. Jike hukaa juu ya mlingoti mkavu na kuanza kuutafuna kwa meno yake. Hali mti huo. Huutoboa tu, akiacha tundu la mviringo lililo sawasawa kana kwamba limetobolewa kwa keekee ya fundi, lenye upana wa kidole. Chini yake huanguka unga wa mti, na unga huo ndio dalili ya kwanza ya kumtafuta. Akiisha kuingia ndani hugeuka na kuchimba njia ndefu kufuata urefu wa mlingoti. Ndipo huleta chavua, yaani ule unga wa maua, akauchanganya na asali ya maua na kufanya mkate, akataga yai moja juu yake, kisha akafunga chumba kwa ukuta wa unga wa mti aliouloanisha. Baada ya ukuta huo hufanya mkate mwingine na yai jingine. Yai lake ni kubwa mno, kuliko mayai ya wadudu karibu wote. Na watoto wakisha kuwa wakubwa hawafukuzwi. Hukaa na mama yao muda fulani, naye huwaletea chakula.

Tumekaa sana juu ya seremala huyu kwa kuwa ndiye rahisi kwa mtu anayeanza. Hata hivyo hata yeye ana mafumbo yake. Katika Afrika ya Mashariki wako wa aina nyingi: wengine jike ni mweusi mwenye mishipi miwili ya rangi ya njano au nyeupe mgongoni, wengine ana manyoya ya rangi ya machungwa kifuani, wengine ni mweusi mwenye pindo jeupe ubavuni. Na katika baadhi yao dume hafanani na jike hata kidogo. Kwa ile aina yenye mishipi, dume amevikwa manyoya ya njano iliyochanganyika na kijani toka kichwani hata mkiani, hata mtu akiwaona pamoja hudhani ni wadudu wawili wasiojuana. Dume huyo hupenda kusimama hewani mbele ya uso wa mtu, akivuma kwa hasira. Watoto hukimbia. Lakini dume wa nyuki hana mwiba, wa aina hii wala wa aina yo yote, na kelele zake ni kelele tu. Jike anao mwiba, ila si mwepesi wa kuutumia asiposhikwa.

Sasa juu ya baridi. Katika nchi za Ulaya, majira ya baridi ni wakati wa nyuki kulala. Wengi hungoja ndani ya udongo au katika mabua, hali maua hayapo na theluji imefunika nchi. Huko Uingereza kuna watu wengi wasio wataalamu, makarani, waalimu, wazee waliokwisha kustaafu, wenye desturi ya kuandika kila nyuki wamwonaye, siku na mahali. Kwa daftari za watu hao imejulikana kwamba nyuki wale wanene wenye manyoya mengi, ambao zamani walikuwa wakilala majira yote ya baridi, sasa huonekana kusini ya nchi hiyo hata mwezi wa Desemba na Januari, wakila katika maua ya bustani. Tumetaja jambo hili ili mwalimu wa kijijini asidhani kwamba daftari lake ni mchezo. (Na mtu mwenye kitabu cha picha kutoka Ulaya asipoteze siku zake kuwatafuta nyuki hao wanene hapa kwetu, kusini ya Sahara hawako kwa asili. Yule ambaye atamdhani ni wao, aghalabu ni seremala wetu.)

Kimamba haina theluji, lakini ina kipupwe. Mvua za masika zimekwisha, upepo wa kusi wavuma, na alfajiri mtu hujifunika shuka mara ya pili. Nyasi zakauka. Maua ya mwituni yapungua, na nyuki wa mzingani wakiona upungufu huo mara nyingine huuacha mzinga wote na kwenda nchi nyingine, kama wajuavyo warina-asali. Lakini nyuki wengi wa mwitu hawana kundi la kuhama nalo. Kila jike anajitegemea, ana nyumba yake na watoto wake, na hutafuta kula katika maua yaliyobaki. Hapo ndipo kazi ya mtazamaji inapokuwa nyepesi: maua yakiwa mengi, nyuki hutawanyika nchi nzima, maua yakiwa machache, hukutana.

Tena baridi huwafanya wawe wazito. Nyuki hawezi kuruka misuli yake ya mabawa ikiwa baridi. Lazima aitetemeshe kwanza ipate moto, kama mtu atetemekavyo mwenyewe asubuhi. Mtu akiamka saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijashika nyasi, na akapita polepole kando ya shamba akitazama mabua makavu na vijiti vyembamba, huenda akaona jambo ambalo wengi hawajaliona maisha yao yote. Nyuki wamelala nje, wameuma kijiti kwa meno yao, miguu wameikunja, mwili umesimama hewani. Pengine ni mmoja. Pengine ni wengi wamepangana juu ya kijiti kimoja kama shanga. Hao aghalabu ni madume wa jamaa iitwayo Amegilla, nyuki wenye mbio sana, wenye mishipi ya rangi tumboni. Majike wao wana vyumba vyao ardhini. Madume hawana kwao, hulala hivyo. Mchana mtu hawezi kumtazama nyuki huyu: husimama hewani mbele ya ua, huingiza ulimi wake mrefu, na mara ametoweka. Alfajiri ya kipupwe huweza kumtazama kwa kioo cha kukuzia muda apendao, akahesabu mishipi yake, na mdudu asijongee.

Karibu nao, katika vijiti vivyo hivyo, hulala mwingine aliye mzuri kuliko wote, mweusi mwenye madoa ya samawati yanayong'aa au meupe. Huyu ni mwizi. Jina lake ni Thyreus. Hachimbi nyumba, hakusanyi chavua, bali huvizia nyumba ya Amegilla, akaingia mwenyewe asipokuwapo na kutaga yai lake humo, na mtoto wake hula mkate usio wake. Kumwona mwizi huyu ni habari njema kwa mtazamaji, kwa maana hawezi kuwako mahali pasipo na mwenye nyumba.

Jua likipanda, mtu na aende kwenye mbaazi. Mbaazi hutoa maua wakati huu, mvua zikiisha, na mashamba madogo ya Kilosa huwa nayo pembeni au katikati ya mahindi yaliyovunwa. Ua lake la njano limefungwa. Sehemu ya chini imekunjwa kama mtumbwi, na ndani ya mtumbwi ndimo ilimo chavua. Mdudu mwepesi hawezi kuufungua. Seremala mkubwa huukalia kwa uzito wake, ukashuka, na chavua ikampaka tumboni. Mwingine awezaye kazi hiyo ni nyuki mkata-majani, wa jamaa ya Megachile. Huyu ni wa kadiri ya nyuki wa mzingani au kumpita kidogo, kichwa chake ni kikubwa, na meno yake ni kama mkasi. Jike wa aina nyingi za jamaa hii hukata vipande vya majani vya mviringo na kuvikunja ndani ya tundu vikawa kama vikombe, kila kikombe na mkate wake na yai lake. Mwenye mti wa waridi aonapo majani yamekatwa pembeni kwa mviringo safi, huwalaumu panzi bure.

Mbaazi yaweza kuzaa kwa chavua yake yenyewe, hatusemi kwamba bila nyuki hakuna kitu. Lakini nyuki wakipita ua hadi ua, mmea huchanganya mbegu yake na ya jirani. Pasheni ya njano haina nafasi hiyo. Ua lake halikubali chavua ya mmea wake wenyewe, na ni kubwa hata nyuki wa mzingani hupita chini ya vichwa vya chavua asiviguse, akala na kwenda zake kama mgeni asiyeaga. Seremala mgongo wake hufika. Mahali alipofukuzwa, watu wenye bustani za pasheni hulazimika kutembea ua kwa ua wakipaka chavua kwa mikono.

Na kuna bilinganya, nyanya chungu, na yule ndulele wa njiani mwenye miiba. Katika maua hayo chavua imo ndani ya vifuko vya njano vilivyofungwa, vyenye vitundu vidogo nchani tu, kama kikopo cha kunyunyizia pilipili. Nyuki wa mzingani hajui dawa yake. Seremala na Amegilla hukumbatia vifuko hivyo, husimamisha mabawa, na kutetemesha mwili. Chavua hutoka kwa vitundu kama vumbi. Mtu akiwa karibu husikia sauti ikibadilika ghafula, kutoka mvumo wa kuruka kuwa mlio mwembamba, mkali, wa kitambo kidogo, kisha kimya, kisha tena. Watoto wa shule wakiisha kufundishwa sauti hii hawaisahau. Huweza kuwatambua nyuki wa namna hiyo wakiwa wamefumba macho.

Mtu atauliza, je, nitajuaje kwamba huyu ni nyuki, si nzi wala nyigu? Hesabu mabawa kwanza. Nyuki ana mabawa manne; nzi ana mawili, hata akiwa amevaa mistari ya njano kwa kujifananisha na nyuki, na vipapasio vyake ni vifupi, na macho yamejaa kichwa chote. Nyigu ana mabawa manne kama nyuki, lakini kiuno chake kimebanwa, manyoya hana au ni machache, wala hachukui chavua. Kisha tazama mzigo, kwa sababu mzigo husema mengi kuliko rangi. Anayebeba chavua chini ya tumbo, tumbo lote la chini likawa la njano, ni wa jamaa ya mkata-majani. Anayebeba katika miguu ya nyuma kama donge lililolainishwa, ni wa mzingani au ndugu zake wadogo wasiouma. Anayebeba kama vumbi kavu katika manyoya ya miguu, ni mmojawapo wa wale wapweke wachimbao ardhi. Asiyebeba kitu ni dume, au ni mwizi, au ni jike aliyetoka tu kunywa. Rangi huja mwisho. Wala mtu asione haya kuandika jamaa tu na kuacha jina la aina. Wataalamu wenyewe, kwa aina nyingi, hawawezi kusema jina mpaka wameweka mdudu chini ya darubini.

Nyuki wadogo wasiouma nao wana haki ya mahali pao katika habari hii. Wengine ni wadogo kuliko chungu, urefu wao milimita mbili au tatu, nao huja machoni na katika jasho la mtu aliyepumzika kivulini, wakamsumbua pasipo kumdhuru. Nyumba yao hujulikana kwa mlango: kijibomba cha nta kilichotoka katika ufa wa ukuta wa udongo au tundu la mti. Wako wa aina kubwa zaidi wakaao katika mti ulio na uvungu, na wako wapendao kichuguu cha mchwa. Hawana mwiba ufaao, lakini huuma kwa meno na kupaka utomvu katika nywele. Asali yao ni kidogo, chachu kidogo, na wazee huithamini kwa dawa. Hapa lazima tuseme neno. Kwa kikombe cha asali hiyo watu hukata mti mzima wenye umri kuliko wao, na kundi lote hupotea, na mwakani hakuna mti wala asali. Mahali pengine watu wamejifunza kuwaweka nyuki hao katika mizinga midogo nyumbani na kuvuna kila mwaka. Nasi twaona hiyo ndiyo akili.

Lakini hatari iliyo kubwa ni moto, nayo haina mwenyewe. Kipupwe kikiisha, watu huanza kusafisha mashamba wakingoja mvua, na nyasi za Mkata zimekauka kabisa. Nyuki wa ardhini huokoka aghalabu, kwa kuwa udongo huwafunika. Walio katika mabua, vijiti, na milingoti hawana pa kwenda. Kumbukeni ya kuwa bua kavu la mwaka jana si takataka kwao. Ndani ya kijiti chenye uvungu mwembamba kama kalamu mna nyuki weusi wadogo wa jamaa ya Braunsapis, ambao hawajengi vyumba kama wengine; mabuu yao hulala pamoja katika ukumbi mmoja, na mama huwalisha siku kwa siku. Katika kijiti cha jirani mna Ceratina, ndugu mdogo wa seremala, mwenye alama nyeupe usoni. Moto ukipita usiku mmoja huchukua watoto wa mwaka mzima, na mbaazi ya mwaka ujao itatoa maua kama kawaida, wala mtu hatajua kwa nini kumenyamaza.

Hatumwambii mkulima asisafishe shamba lake. Yeye ndiye ajuaye njaa ya nyumbani kwake. Twamwomba aache ukanda mmoja mpakani, hata wa hatua tatu, usichomwe, na milingoti ya mkonge iliyotobolewa aisimamishe humo badala ya kuitia motoni. Na mwenye nyumba aliyeona unga wa mti ukianguka juu ya meza yake? Wengine hummwagia seremala mafuta ya taa. Twaona ni afadhali kumhamisha: mbao iliyopakwa rangi haipendi, na akikuta mlingoti mkavu wa mkonge umefungwa chini ya upenu, nje, huenda akauchagua huo na kuiacha boriti. Tundu la zamani likiwa tupu kweli, lizibwe.

Waalimu wataka kujua waanzie wapi. Daftari moja kwa darasa latosha. Andikeni tarehe, saa, mahali, jina la ua, mdudu alifanya nini, na alibeba mzigo wapi. Mwenye simu yenye kamera apige picha tatu: ya juu, ya ubavuni, na ya uso. Tena waulizeni wazee majina. Kimamba ina Wakaguru, Wasagara, Waluguru na wengine wengi waliofuata mkonge, na kila lugha yaelekea ina neno la nyuki mdogo na neno la mtobozi. Maneno hayo hupotea pamoja na wazee, wala hayamo katika vitabu. Watoto waonywe wasikaribie mzinga wala kundi lililotua mtini, kwa maana nyuki wa asali wa nchi yetu hulinda nyumba yake kwa ukali na huua. Nyuki mpweke hana ghala la kulinda. Na katika Hifadhi ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964, ruhusa ni ya kutazama, si ya kukamata.

Kazi kama hii si ndogo. Huko Kenya, katika msitu wa Kakamega, Dakta Mary Gikungu na wenzake walipata aina za nyuki zaidi ya 200 katika msitu mmoja na mashamba yaliyouzunguka, na mwaka 2014 Dakta Dino Martins alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wa Afrika ya Mashariki kuwatambua wadudu wa maua.

Shule iliyo na nafasi na ijaribu jambo hili mwezi wa Julai. Kata vipande vya mlingoti mkavu wa mkonge, urefu wa mkono, na mabua ya matete yaliyo wazi upande mmoja; fungeni pamoja kwa kamba ya katani, na kuning'iniza upenuni mahali pasipoloa, mlango ukitazama mashariki. Wiki za kwanza hakuna kitu. Kisha huenda tundu moja likafungwa kwa majani yaliyokunjwa, na jingine kwa tope, au unga wa mti ukaanza kuanguka chini ya mlingoti. Hapo andikeni siku. Msifungue. Mvua za kwanza zikija, mtoto mmoja akae zamu kila asubuhi mbele ya yale matundu, aandike nani ametoka.